Mama Kamati na Nafasi Moja ya Kwenda Kuenka

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani si lazima iwe ya wafalme na majini, hata juzi ikishapita imepita. Hapo zamani, katika mji wa Mpwapwa, palikuwa na mwanamke aitwaye Damari Ndahani. Jina hilo lilibaki kwenye cheti cha ubatizo. Mji mzima ulimwita Mama Kamati.

Damari alikuwa mhazili wa ofisi ya mifugo kwa miaka thelathini na sita. Alipiga chapa barua za ng'ombe, akapiga chapa ripoti za mbuzi, na wakubwa wakikaa kikao, kumbukumbu aliandika yeye. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Na mwandiko huo ndio uliomponza.

Maana Mpwapwa ile, mwenye mwandiko mzuri hakuwa na raha. Pana harusi? Iundwe kamati. Katibu nani? Damari. Pana kipaimara? Kamati. Katibu? Damari. Pampu ya kisima imekufa? Kamati, na katibu ni yuleyule. Ilikuwapo hata Kamati ya Kumpokea Askofu, ambayo iliendelea kukutana miaka minne baada ya askofu kuja, kula na kuondoka. Kamati kumi na moja kwa jumla! Na kila aliyefika mlangoni kwake alikuwa na neno moja tu: "Kikao kidogo tu, Mama. Nusu saa."

Nusu saa! Wewe uliyejibanza hapo pembeni, umewahi kukiona kikao cha nusu saa? Basi nyamaza nisimulie.

Mumewe, Lameki, aliugua kifua. Jumamosi moja akamwambia, "Damari, leo usitoke, kaa nami." Damari akavuta kigoda, akakaa. Hodi mlangoni. "Kikao kidogo tu, Mama." Akaenda. Kilikuwa kikao cha kuchagua rangi ya sare za harusi ya binti wa jirani, na watu wazima wenye akili zao walibishana masaa manne mazima kati ya zambarau na damu ya mzee. Aliporudi nyumbani, Lameki alikuwa ameshafariki. Damari hakumlaumu mtu, lakini lilimuuma, na liliendelea kumuuma kila siku iliyokucha. Akajiapiza: siku nitakayostaafu, nitastaafu kweli.

Siku ikafika. Akaagwa kwa keki, godoro na saa ya ukutani. Msiniulize kama sherehe ya kumuaga ilikuwa na kamati. Ilikuwa nayo. Na katibu wake mnamjua.

Kesho yake, saa moja asubuhi, hodi. "Mama, sasa kwa kuwa umestaafu una nafasi. Kikao kidogo tu." Damari akafunga mlango, akaketi, akaandika barua kumi na moja za kujiuzulu kwa ule mwandiko wake mzuri. Zikajibiwa zote kumi na moja kwa neno lilelile: barua imepokelewa, itajadiliwa kikao kijacho. Na kikao kijacho kinaitishwa na nani? Na katibu! Akikiitisha, bado ni katibu. Asipokiitisha, barua haijadiliwi, na bado ni katibu. Ebo! Alizunguka humo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, kamba ikizidi kuwa fupi.

Akaamua kuhama. Lakini ahamie wapi? Dodoma kuna wapwa zake, watamweka kamati ya ukoo. Dar kuna watu wa kwaya. Maskati yuko mtoto wa jirani, Uingereza wako wajukuu wa mchungaji, na hata China alisikia wafanyabiashara wa kutoka huku wameunda umoja wao na wanatafuta katibu. Damari akachukua karatasi, akaorodhesha lugha za dunia, akakata moja moja kila alipokumbuka ndugu, jirani au muumini mwenzake aliyekwenda huko. Ikabaki moja isiyokatwa: Kihispania. Hapakuwa na mtu wake hata mmoja aliyewahi kwenda kwa Wahispania, wala kwa wale wa ng'ambo ya pili wanaokisema.

"Huko," akasema, "hakuna atakayeweza kuniambia kikao kidogo tu."

Watu wakasema tamthilia za runinga zimemroga. Wapi! Mama wa watu hakuwahi kupata muda wa kutazama runinga.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu mwingine akitaka kuchagua mji angeuliza, angesoma, angelala na wazo lake akaamka na jibu. Lakini Damari, baada ya miaka thelathini na sita ofisini, alijua njia moja tu ya kuamua jambo hapa duniani. Akaunda kamati.

Naam. Kamati ya Kutafuta Mji wa Kupumzikia Bibi Damari Ndahani. Ya kumi na mbili.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Yoramu, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyefundisha dunia nzima miaka thelathini na nane bila kuvuka mkoa wa Dodoma. Mjumbe wa kwanza alikuwa Foibe, wifi yake Damari, mjane wa kaka yake, mwanamke wa maneno mengi na kuku wengi. Mjumbe wa pili alikuwa Kashindye, fundi baiskeli, Mnyamwezi. Huyu hakualikwa. Alikuja kwa sababu Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haalikwi, mtani huingia.

"Mgogo ahamie Ulaya?" Kashindye akasema siku ya kwanza, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Mlenda utapata wapi huko?"

"Nitakausha niende nao," Damari akajibu. "Na wewe, Mnyamwezi, ondoa mafuta yako ya cheni kwenye kitambaa changu."

Mwalimu Yoramu akafungua kikao kwa sala. Kisha akafungua ramani zake, kitabu kikubwa ambacho mchwa walikula kuanzia upande wa kaskazini. Ncha ya dunia hakuna. Urusi hakuna. Hispania yenyewe ilibakia kipande, penye tundu katikati ambalo mtu angeweza kupitisha kidole.

"Tuanze na Madridi," akasema.

"Iko wapi?" Foibe akauliza.

"Ni hapa palipo na tundu."

Wakaijadili Madridi vikao vitatu. Siku ya nne Mwalimu alikuja jasho linamtoka, hata salamu hakutoa. "Jamani, nimepiga hesabu. Madridi mwezi wa sita jua linazama saa nne ya usiku!"

Mnaelewa jambo hilo? Sisi saa yetu inahesabiwa na jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, hata kipofu anajua. Sasa mtu akae mahali ambapo saa mbili ya usiku ni mchana kweupe, watu wananunua nyanya! Utakula chakula cha jioni saa ngapi? Utasema "za jioni" kwa nani? Damari alihisi kizunguzungu pale kitini.

"Mimi uzee huu," akasema, "siwezi kuanza kujifunza upya saa."

Basi Mwalimu Yoramu akatoa azimio: mji utafutwe jirani na ikweta, mahali ambapo saa ya Kiswahili haitavunjika. Malabo ukapendekezwa, maana nao wanasema Kihispania na ikweta iko karibu. Ukakataliwa; uko Afrika, mpwa yeyote akipata lifti anafika. Wakapekua, wakabishana, wakanywa chai, wakaahirisha. Vikao kumi na tisa! Damari akiandika kumbukumbu za kutafuta mahali pa kuzikimbia kumbukumbu. Katika kikao cha ishirini Mwalimu aliweka kidole chini kidogo ya mstari wa ikweta, juu ya milima, ng'ambo ya Amerika ya Kusini.

"Kuenka," akasema, "nchi ya Ekuado. Mlimani, pana baridi ya kuvaa sweta, si ya kuua. Wastaafu wa mataifa wanaupenda. Na jua, mama yangu, jua linachomoza saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili."

Damari akalitamka jina lile polepole, Kuenka, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe alijisikia mwepesi. Mwalimu huyo ni wa kwanza kumsaidia. Mshikeni huyo mkono wa kulia.

Lakini mji si jina. Wenye mji wanataka barua, wanataka picha, wanataka usaili. Ofisi ya vibali ya huko ikapanga siku ya kuzungumza naye kwa simu ya video, na mazungumzo yatakuwa ya Kihispania. Nani Mpwapwa anajua Kihispania?

Foibe.

Ndiyo, Foibe. Tangu kikao cha pili alikuwa akijifunza kwenye simu yake kimyakimya, au tuseme kwa kelele, maana Foibe kimya hakukijua. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuongea naye, aliongea na kuku. Alfajiri aliwaamkia kwa Kihispania. Aliwafukuza jikoni kwa Kihispania. Jioni aliwaamuru bandani kwa Kihispania, nao wakaingia mmoja mmoja, huku kuku wa jirani wakibaki nje wamepigwa na butwaa kwa sababu hawakusoma. Miezi sita hivyo. Foibe akaiva.

Siku ya usaili mawifi wawili waliketi mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Akatokea bwana mmoja mwenye tai, amenuna, mezani kwake karatasi chungu nzima. Akauliza swali. Foibe akamtafsiria Damari. Damari akajibu kwa upole, "Mwambie nataka kupumzika." Foibe akageuka kwenye simu. Sasa kumbukeni, yeye Kihispania chake chote alikisemea kuku. Sauti nyingine hakuwa nayo. Akamfokea yule bwana kama jogoo aliyepanda juu ya meza.

Yule bwana akashtuka. Akakaa wima. Foibe akafoka tena, kwamba huyu mama kachoka, aachwe apumzike, na wewe acha kuparuaparua hizo karatasi, chukua moja, andika! Bwana akachukua moja, akaandika. Foibe akamwambia apige muhuri. Akapiga. Akamwambia afunge dirisha nyuma yake kwa sababu upepo unapeperusha karatasi. Akainuka, akafunga, akarudi akakaa, mikono juu ya magoti.

"Wifi, umemwambia nini?" Damari akanong'ona.

"Nimemwambia asante."

Ombi likakubaliwa, kwa masharti mawili. La kwanza, iletwe barua ya serikali ya mtaa kwamba Damari Ndahani haachi nyuma yake jukumu lolote. La pili, kibali kinaruhusu mtu mmoja wa kuandamana naye. Jina liandikwe kwenye fomu, au mstari upigwe kama hakuna. Vyote viwafikie kwa simu siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana kwa saa zetu. Na bila Foibe hata masharti wasingeyasikia. Huyo ni wa pili. Mshikeni mkono wa kushoto.

Damari akaenda mbio kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa.

"Mama Kamati, nitaandikaje kwamba huna jukumu, na wewe ni katibu wa kamati kumi na moja?"

"Nimejiuzulu!"

"Barua zako zilijadiliwa?"

Damari alirudi nyumbani akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alilia akipiga ngumi godoro lile alilozawadiwa. Mji upo, kibali kipo, na yeye amefungwa na daftari kumi na moja za kamati. Akiwa katika hali hiyo Kashindye akaingia, bila hodi, kama kawaida yake.

"Mgogo unalia nini? Mvua haijanyesha?"

"Toka, Kashindye. Leo sina utani."

Kashindye akamtazama. Akachuchumaa karibu na kitanda. "Unazitaka kamati zako zife?"

"Nazitaka zife."

"Kamati haifi, Mama. Katibu ndiye anayekufa. Kesho asubuhi, ufe kidogo."

Kulipopambazuka Kashindye alipanda baiskeli, akazunguka mji mzima akipiga kengele na kutangaza: "Mama Kamati katutoka! Msiba uko kwake!" Mpwapwa ikainuka. Watu wakaja na kuni, wakaja na masufuria, wakaja na turubai na viti vya kanisa. Wakamkuta marehemu anaanika nguo.

"Mama, si umekufa?" akauliza mwenyekiti wa Kamati ya Kisima.

"Kidogo," Damari akajibu, maana alishaambiwa.

Watu wakatazamana. Mnadhani waliondoka? Turubai limeshafungwa! Maharage yako jikoni! Na aliyetangaza ni mtani, na tangazo la mtani ni utani, na utani haukatizwi katikati. Wakaketi. Na walipoketi, kwa kuwa hawajui kuketi bure, wakaunda kamati ya mazishi. Mwenyekiti akapatikana. Mweka hazina akapatikana. Ikafika kwa katibu.

"Apewe Mama mwenyewe," mtu akasema, "ana mwandiko mzuri."

Na wakampa! Damari akajikuta ameshika kalamu, anaandika: Kikao kilifunguliwa saa tatu asubuhi kwa sala, marehemu alihudhuria. Machozi yakamdondokea kwenye karatasi, maana aliona sasa hata kifo hakitamwokoa.

Ndipo Kashindye alipotoka ndani. Loo! Amevaa kitenge cha Damari, miwani ya Damari iko puani, na kichwani amebeba daftari zote kumi na moja. Akapiga kengele ya baiskeli.

"Wajumbe, tulieni!" akasema kwa sauti nyembamba ya Damari. "Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ajenda ya pili, kulalamika kwamba wajumbe wamechelewa. Ajenda ya tatu, zambarau au damu ya mzee. Ajenda ya nne, kikao kijacho!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama mmoja alianguka na kiti chake. Damari naye, na kalamu yake mkononi, akaanza kucheka huku bado analia. Wakati wamelegea hivyo Kashindye akaziweka zile daftari chini, akazikalia.

"Mimi ni Mnyamwezi," akasema, sasa kwa sauti yake. "Babu zangu walipita hapa na misafara, babu zenu Wagogo wakawatoza hongo, ushuru wa njia, kwa kila kibuyu cha maji. Leo msibani kwa mtani wangu nami natoza. Hizi ni haki yangu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa Kamati ya Kipaimara akainuka, akakaa tena. Wakagusana, wakanong'onezana. Wakajaribu kuzikomboa kwa jogoo, akakataa. Wakaongeza beberu, akamtazama beberu, akatazama wazee, akakataa. Mzee mmoja wa rika la baba zao akatikisa kichwa akasema, "Kilichokaliwa na mtani msibani hakidaiwi. Mwacheni aende nazo."

Hivyo daftari zikaondoka kwenye kibebeo cha baiskeli. Bila daftari, hakuna aliyejua iliazimiwa nini, wala kikao kijacho kilikuwa lini. Wiki ile zikafungwa harusi mbili bila kamati, na maharusi wakawa mume na mke vilevile. Pampu ya kisima ikatengenezwa na mtu mmoja kwa spana moja. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua: Damari Ndahani haachi jukumu lolote. Kashindye ndiye wa tatu. Sijui mtamshika mkono gani, mikono imekwisha.

Sasa ikawa Ijumaa, saa tano kasoro. Barua ipo, fomu ipo mezani, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja: jina la mwandamani. Wakaja wote watatu, wakaketi sebuleni, na hakuna aliyefungua kikao.

Mwalimu Yoramu akasema: "Damari, mimi ndiye niliyeuona mji. Ungekuwa na lugha, ungekuwa na barua, ungekwenda wapi? Ungekwenda Madridi ukale chakula cha jioni na jua utosini! Aliyekupa mahali ndiye aliyekupa yote. Nafasi ni yangu."

Foibe akasema: "Mahali hata kunguru anapo! Mji ulikuwapo kabla ya Mwalimu kuzaliwa, mbona haukumfuata? Mimi ndiye niliyeufungua mdomo wa ule mji, ukamwita Damari. Na huko akiumwa jino atamwambia nani, ramani? Nafasi ni yangu."

Kashindye akasema: "Ramani mlikuwa nayo, maneno mlikuwa nayo, na bado mwanamke wa watu alikuwa kitandani anapiga godoro. Mimi nilimzika nikamfufua asubuhi moja, na beberu nikamkataa. Mnajua beberu yule alivyonona? Nafasi ni yangu."

Wakaanza kujibizana. Foibe akamwambia Mwalimu kwamba akifika huko ataunda kamati kabla hajavua viatu. Mwalimu akamwambia Foibe kwamba mtu anayetafuta kupumzika hasafiri na redio. Wote wawili wakamwambia Kashindye kwamba yeye hata kukaribishwa hakukaribishwa. Damari akapiga meza kwa kiganja.

"Nyamazeni! Nawauliza neno moja, kila mtu ajibu lake. Ukibaki hapa, itakuwaje?"

Mwalimu Yoramu akashusha macho. "Ile milima ya huko nimeichora ubaoni miaka thelathini na nane. Watoto waliniamini. Nikifa kabla sijaiona, sitajua kama niliwaambia kweli."

Foibe, na hii ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akitafuta maneno, akasema: "Kaka yako hayupo. Watoto wamekwenda. Nimejifunza lugha nzima, wifi yangu, na wa kunisikiliza ni kuku. Wananitii, lakini hawanijibu."

Kashindye akafikicha mafuta ya cheni vidoleni. Wakasubiri utani. Haukuja. "Ukienda," akasema, "nani atanitukana?"

Kikawa kimya. Damari akashika kalamu. Alikuwa ametamani kimya hicho miaka yote, na sasa kimekuja. Akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari, akaiondoa. Ule mwandiko uliosifiwa Mpwapwa nzima haukuandika hata herufi moja. Maana maisha yake yote alikuwa ameandika walichoamua wengine. Katibu huandika, hapigi kura. Leo wenye kura wamenyamaza, wanamtazama yeye.

Na kuna jambo alilokuwa nalo moyoni, ambalo hakumwambia yeyote kati yao. Fomu ilisema, kama hakuna, piga mstari. Alitaka kukaa mahali pasipo na mtu wa kumwita. Hilo ndilo alilolitafuta tangu mwanzo, na mstari mmoja wa kalamu ulitosha kumpa. Lakini aliwatazama hao watatu, mmoja baada ya mwingine.

Saa sita kasoro dakika tano.

Sasa nyinyi mlionisikiliza, msiniletee habari za "inategemea", hiyo si jibu, hiyo ni kuahirisha. Pale palikuwa na aliyemwonyesha mahali, aliyempa ulimi, na aliyemfungua kamba. Mmoja akienda, wawili wanabaki na uzee wao Mpwapwa. Mstari ukipigwa, wanabaki wote watatu, na Damari anapata kile alichokililia, peke yake, mlimani, jua likizama saa kumi na mbili.

Kalamu iko kwenye karatasi. Je, nani alistahili kuandikwa? Au yeye mwenyewe, baada ya miaka yote ya kuwaandikia wengine, alistahili kuondoka bila mtu?